Miaka Thelathini na Moja Kwenye Kiti cha Pili

Tarehe 30 Juni mwaka huu kocha msaidizi wa klabu yetu anastaafu, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na moja. Siku hiyohiyo klabu itabaki bila mtu hata mmoja anayejua ufunguo wa stoo ya mipira hufichwa wapi. Uongozi umelishughulikia jambo la kwanza kwa kuandaa sherehe. La pili bado linajadiliwa.

Anayeandika wasifu huu ni mchua misuli wa timu. Wachezaji huniita Daktari. Madaktari hawaniiti chochote. Nimekaa benchi moja na mstaafu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimepewa kazi hii kwa sababu, kama alivyosema katibu wa klabu, hakuna anayemjua kuliko mimi. Katibu aliomba pia kwamba maandishi haya yawe ya heshima, yawe mafupi, na yasitaje kabisa habari za siku umeme ulipokatika. Kwenye heshima nimejitahidi.

Jina lake limo kwenye mkataba, lakini hapa kila mtu, kuanzia mlinzi wa geti hadi mwenyekiti, humwita Mzee Koni. Zile koni za plastiki za rangi ya chungwa, ambazo wachezaji huzizunguka na mpira mazoezini, amezipanga yeye kila asubuhi na kuziokota yeye kila jioni. Mchezaji akiikanyaga moja, husikia habari za ukoo wake hadi kwa mababu. Zamani alikuwa Koni tu. Hilo la Mzee limejiongeza lenyewe pamoja na mvi.

Alikuja klabuni akiwa beki wa kushoto. Wapo wanaosema alikuwa beki hodari sana, nao ni yeye na mkewe. Goti lilimsaliti mapema. Katika mechi yake ya mwisho alifunga bao safi la kichwa, golini kwetu, na inasemekana kipa wetu alimpongeza kabla ya kukumbuka. Wiki iliyofuata msaidizi wa wakati ule aliaga kwamba anatoka kidogo kununua maji ya kunywa, na hadi leo hajarudi. Koni alikuwa amekaa pembeni na barafu kwenye goti. Akaombwa ashike koni kwa wiki moja, wakati klabu ikitafuta mtu. Klabu haikutafuta mtu. Wiki ile ndiyo tunayoiaga leo.

Tangu hapo amefanya kazi chini ya makocha wakuu kumi na saba, ukimhesabu na yule aliyeondoka kabla ya mechi yake ya kwanza kwa sababu bafu la ofisini halikuwa na maji. Kulikuwa na mmoja aliyeamini kwamba chai huwafanya mabeki kuwa wazito. Mwingine aliwapandisha wachezaji ngazi za jukwaani wakiwa wamebebana mgongoni, akaamua kuonyesha mfano yeye mwenyewe, nami nikapata mgonjwa wa mwezi mzima. Mwingine alikuja na kompyuta na kutuonyesha mishale ukutani, mishale mingi mno, mpaka kipa akanyoosha mkono na kuuliza kama na yeye yumo. Wote waliingia kwa geti la mbele wakiwa na wapiga picha. Wote, ukimwacha huyu wa sasa, walitoka kwa geti la nyuma wakiwa na begi, na aliyewabebea begi hadi garini ni Koni. Hakuwahi kumsema vibaya hata mmoja mbele za watu. Nyumbani kwake, mkewe anasema, zilikuwa habari nyingine.

Ili msomaji ambaye hafiki uwanjani aelewe yanayofuata, sina budi kueleza benchi letu. Ni viti vya plastiki vilivyofungwa kwa bolti kwenye chuma kimoja, chini ya bati. Kiti cha kwanza, kilicho karibu na mstari wa katikati, ni cha kocha mkuu. Kina mto mwekundu ulioachwa na kocha wa saba au wa nane, ambaye hakupewa nafasi ya kurudi kuuchukua. Kwa jinsi tunavyofukuza watu hapa, kiti kile ni kuti kavu lenye mto. Kiti cha pili ni cha msaidizi, cha tatu ni changu.

Kiti cha pili kina ufa katikati, na ufa huo una tabia zake. Ukiinuka taratibu, unakuachia. Ukiinuka kwa pupa, unakubana paja na kuondoka na sehemu yako. Koni alibanwa mara moja akiwa kijana, na mara moja ilimtosha. Ndiyo maana miaka yote hii, tukifunga bao na benchi zima likaruka, yeye huinuka wa mwisho, polepole, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Waandishi wa michezo wameujadili sana utulivu wake. Mmoja aliandika kwamba huyu ni mwalimu asiyeyumbishwa na furaha wala huzuni. Nilimsomea. Akasema ni maneno mazuri, huku akijipapasa paja.

Kombe tulilitwaa mara moja tu, na picha ya siku ile ipo ukutani kwenye korido ya ofisi. Yumo kila mtu. Yumo mwenyekiti, yumo binamu wa mwenyekiti, yumo mtu mmoja mwenye miwani ambaye hakuna anayejua ni nani. Koni naye yumo, ukitazama kwa makini: kiwiko kinachoonekana nyuma ya kombe ni chake. Mipango yote ya mechi ile ilikuwa yake, kwa kuwa kocha mkuu alikuwa kitandani na tumbo. Wageni wanapopitishwa kwenye korido, mlinzi huwaonyesha kiwiko hicho kwa kidole.

Haitakuwa haki nisipotaja vipaji alivyovigundua. Kipa wetu wa sasa alikuja klabuni kurekebisha bomba. Mpira ukapotea njia kutoka uwanjani, naye akaudaka kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa bado umeshika bomba linalovuja. Koni akamwuliza kama ana shughuli Jumamosi. Bomba lile halijarekebishwa hadi leo, na kila anayeteleza pale huambiwa kwamba hiyo ndiyo gharama ya kuwa na kipa mzuri.

Sasa nije kwenye habari za umeme. Katibu anisamehe, ila wasifu usio na siku ile utakuwa wasifu wa mtu mwingine.

Ilikuwa mechi ya jioni, mapumziko, tukiwa mbele kwa mabao mawili. Taa zikazimika uwanja mzima. Kocha mkuu wa wakati huo alikuwa amekwama chooni, hivyo Koni akapapasa ukuta wa korido, akapata mlango, akaingia, akaanza. Alisema kwa ufasaha mkubwa. Aliwaambia kwamba ni wavivu. Aliwaambia kwamba beki wa kushoto wa wapinzani amechoka, anahema kama mvuta mkokoteni, na kwamba kipa wao akipigiwa mipira ya chini hujirusha kesho yake. Walimsikiliza kimya kabisa. Gizani, wakati wa mapumziko, hakuna mchezaji anayeshangaa kuitwa mvivu. Taa ziliporudi, Koni alijikuta amezungukwa na jezi za kijani. Zetu ni za bluu. Akamalizia sentensi aliyokuwa ameianza, akawatakia kila la heri, akafunga mlango taratibu. Wapinzani wakambadilisha beki wao wa kushoto, wakamwonya kipa wao, wakatufunga matatu. Kocha wao alikuja baadaye kumpa Koni mkono. Koni hajawahi kukana. Msimamo wake ni kwamba mawaidha yalikuwa mazuri, kosa lilikuwa la mlango.

Ukimsikiliza mtu akisimulia hayo utadhani Koni alizaliwa awe msaidizi, na kwamba alitosheka nako. Hapana. Kila kocha mkuu alipofukuzwa, yeye ndiye aliyeshika timu hadi apatikane mwingine. Ikawa desturi, hata uongozi ukaacha kumwarifu. Alikuwa anasoma gazetini kama sisi. Lakini katika mechi zote za ukaimu hakukalia kiti cha kwanza. Alibaki kwenye ufa wake, na mto mwekundu ukabaki mtupu pembeni. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba kiti cha kuazimwa hakikaliki kwa raha.

Asubuhi moja nilifika uwanjani mapema kutafuta chupa ya mafuta ya kuchulia niliyoisahau chini ya benchi. Uwanja ulikuwa mtupu na koni zilikwisha pangwa. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha kwanza, juu ya mto, ameegemea nyuma, na mkono wake wa kulia ulikuwa unamsogeza beki ambaye hakuwepo. Akamsogeza kushoto kidogo. Akaridhika naye. Aliponiona akaruka, akatoa leso, akaanza kuupangusa mto vumbi. Nikamwambia mto umetakata. Akasema vumbi haliishi. Hatukuligusa tena jambo hilo, ila tangu siku ile nilijua mwenzangu anatamani nini. Kila kocha mpya alipoingia kwa geti la mbele, watu wote walimtazama kocha. Mimi nilimtazama Koni.

Kocha wetu mkuu wa sasa, huyu wa kumi na saba, alikuwa kiungo wa klabu hii hapo zamani. Koni alimweka benchi nusu msimu kwa sababu ya uvivu wa kurudi kukaba. Jumapili moja Koni akarudi kwake, akamkuta kijana huyo sebuleni, amevaa tai, kaketi kwenye kochi katikati ya wajomba wawili. Akadhani amekuja na wazee kuomba namba kikosini. Kumbe amekuja kuomba binti. Binti akapewa. Namba hakupewa.

Kijana akaenda kusomea ukocha, akazunguka klabu hii na ile, na misimu miwili iliyopita akaletwa kwetu kwa geti la mbele. Hapo tukapata benchi ambalo sidhani kama lina mfano. Kocha mkuu hawezi kumfokea msaidizi wake, kwa sababu ni baba mkwe. Msaidizi hawezi kumpinga kocha mkuu, kwa sababu ni mkwe, na mkwe hutunziwa heshima yake. Kijana alimwita mzee baba, mzee alimwita kijana mkwe, na walipokutana mlangoni walisihiana nani atangulie hata mazoezi yakachelewa kuanza. Lakini mpira bila ubishi hauchezeki. Kwa hiyo ubishi wao wote ulipitia kwangu.

Ukumbuke mpangilio wa viti: mkwe cha kwanza, Koni cha pili, mimi cha tatu. Koni alikuwa akinigeukia na kuniambia, “Mwambie mkwe wangu huyo straika wake, gunia la mkaa hugeuka haraka kuliko yeye.” Nami nilijinyoosha mbele ya kifua cha Koni, ambaye wakati huo alitazama bati kana kwamba hasikii, nikamwambia kocha mkuu, “Baba anaona straika amechoka kidogo.” Kocha mkuu akajibu, “Mwambie baba, kwa heshima zote, mpira wa siku hizi si ule wa enzi zake.” Nikarudi kwa Koni, safari ya upana wa kiti kimoja, nikamwambia, “Mkwe anashukuru.” Nimeifanya kazi hiyo misimu miwili bila nyongeza ya mshahara.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kona. Mkwe amesoma kwamba wapinzani wakipiga kona, kila mchezaji alinde eneo lake, na mpira ukija pale ni wake. Koni anaamini katika mtu na mtu: mkamate mmoja na usimwache, hata akisema anakwenda kununua maji. Msimu huu mzima tulikaba maeneo, na msimu mzima tulifungwa kwa kona. Maeneo yalikabwa vizuri sana. Waliobaki wazi ni watu. Koni alijikaza kisabuni. Aliniambia niseme hiki na kile, nikasema kwa lugha laini, na labda ulaini wangu ulizidi, maana hakuna kilichobadilika. Tulipofika wiki ya mwisho maji yalikuwa shingoni. Tulihitaji angalau sare katika mechi ya mwisho, la sivyo tunashuka daraja.

Katikati ya wiki hiyo mwenyekiti alimwita Koni ofisini. Nayajua haya kwa kuwa alinisimulia mwenyewe goti lake likiwa mikononi mwangu, na mtu aliyeshikwa goti hana ujanja wa kudanganya. Mwenyekiti alimpa ukocha mkuu. Si ukaimu. Ukocha mkuu kamili, kustaafu kuahirishwe, jina lake liandikwe mlangoni, na kiti cha kwanza kiwe chake kuanzia mechi hiyohiyo. Sharti lilikuwa moja: mkwe afukuzwe jioni ileile. Simsemi mwenyekiti kwa ubaya. Alikuwa na hofu, na mwenyekiti mwenye hofu hufukuza kocha jinsi wengine wanavyojikuna. Koni akaomba apewe hadi kesho.

Alifika nyumbani akamweleza mkewe, ambaye sisi wote klabuni tunamwita Mama. Mama alimsikiliza hadi mwisho huku akikunja nguo. Halafu akamwuliza, “Miaka yote hii mkifungwa unakuja hapa kumlaumu kocha mkuu. Kocha mkuu ukiwa wewe, utamlaumu nani? Maana humu ndani nimebaki mimi peke yangu.” Akaendelea kukunja. Baada ya muda akasema, bila kumtazama, kwamba binti yao anakuja Jumapili na mtoto. Na mumewe.

Hapa naweka utani pembeni kidogo. Mtu huyu alikisubiri kiti kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alibeba mabegi ya watu kumi na sita, akapanga koni za watu kumi na saba, akatwaa kombe na kubaki kiwiko. Hatimaye kiti kikaja chenyewe hadi mkononi mwake, kwa heshima zote, na kilikuja kimewekwa juu ya mgongo wa mume wa bintiye. Aliniambia kwamba hakupata usingizi, na kwamba mara mbili aliamua kukubali. Ninamheshimu zaidi kwa hizo mara mbili.

Kesho yake alimwambia mwenyekiti, “Kocha unaye. Kama tatizo ni kona, niachie mimi.” Mwenyekiti akamkumbusha kwamba tukishuka wataondoka wote wawili, mkwe kwa kufukuzwa na yeye kwa kustaafu, na jina lake halitaandikwa mlango wowote. Koni akasema ameelewa. Akaomba jambo moja tu, kwamba mkwe asijue. Mwenyekiti akaahidi. Ila siri katika klabu hii huvuja kama pakacha. Kufikia adhuhuri hata kipa, ambaye huwa wa mwisho kujua lolote, alikuwa anajua.

Siku ya mechi mkwe aliingia chumba changu cha kuchulia nikiwa napanga bandeji. Akasimama mlangoni. Akasema, “Daktari, mwambie baba…” Nikasubiri. Akatazama bandeji zangu, akatazama viatu vyake. “Basi,” akasema. “Acha tu.” Akaenda zake. Katika misimu yote miwili huo ndio ujumbe pekee ulionishinda kuupeleka.

Mechi yenyewe haikuwa nzuri, na waliolipa kiingilio wanaruhusiwa kulalamika. Tulitangulia kwa bao la bahati. Wakasawazisha kwa kona, bila shaka. Kipindi cha pili tulirudi nyuma wote tukawa tunaondosha mipira kama watu wanaomwaga maji nje ya nyumba iliyofurika. Dakika za mwisho mshambuliaji wetu akaangushwa ndani ya boksi, mwamuzi akapeta, mchezo uendelee, na mkwe akaingia uwanjani akamwambia mwamuzi maneno ambayo baba mkwe wake alikuwa hajawahi kuyasikia kutoka kinywani mwake. Kadi nyekundu. Akaamriwa apande jukwaani.

Alipopita mbele ya benchi akasimama. Akanyoosha mkono kuonyesha kiti cha kwanza, mto mwekundu ukiwa bado na alama yake. Kwa mara ya kwanza hakupitia kwangu.

“Baba, kaa.”

Koni hakusogea kutoka kwenye ufa wake. “Nimekaa, mkwe.”

Wakatazamana hivyo mpaka mwamuzi akapuliza filimbi kuhimiza. Mkwe akapanda jukwaani, nyuma yetu, akajishikiza kwenye reli kati ya mashabiki.

Zikaongezwa dakika chache, na katika hizo chache wapinzani wakapata kona. Wachezaji wetu wote wakageuka kutazama benchi. Hakuna aliyekuwa mbele ya Koni sasa, wala kompyuta, wala mishale, wala mkwe. Amri moja kutoka kwake ingefuatwa. Akainuka taratibu kama kawaida, akaenda hadi mstarini. Nilijua atasema nini. Alikuwa amenituma nikaseme msimu mzima. Nilishafungua mdomo nimsaidie kupaza sauti. Koni akaweka viganja mdomoni akaita, “Maeneo! Kila mtu eneo lake!”

Na wakati uleule, kutoka jukwaani, ikaja sauti iliyokwisha kukauka: “Mtu na mtu! Kamateni watu!”

Baba mkwe alikuwa ametoa amri ya mkwe, na mkwe ametoa amri ya baba mkwe, na klabu yenye historia ndefu ilikuwa inakwenda kushuka daraja kwa sababu ya adabu. Waliosikia benchi wakakaa kwenye maeneo. Waliosikia jukwaa wakakimbilia watu. Nahodha akakumbatia mwamba wa goli. Koni alirudi kitini akakaa, kwa kuwa magoti yake hayawezi kutazama kona yakiwa wima. Straika wetu, lile gunia la mkaa, alikuwa amerudi kukaba kwa mara ya kwanza maishani mwake, naye alisimama katikati ya boksi, mgongo kwa mpira, akituuliza kwa mikono amsikilize nani.

Kona ikapigwa. Beki wao mrefu akaruka peke yake, hana wa kumsumbua, akaupiga kichwa cha nguvu kuelekea golini. Mpira ukamgonga straika wetu katikati ya mabega, ukarudi ulikotoka, ukapita hadi karibu na mstari wa katikati. Filimbi ya mwisho ikalia. Sare. Straika hakugeuka haraka, na ndiyo sababu bado tupo daraja hili.

Koni akainuka. Akainuka kwa pupa, akaruka, mikono juu, kama kijana wa miaka ishirini, kitu ambacho mimi na benchi lile hatukuwa tumewahi kukiona. Ufa ulikuwa umemsubiri muda wote huo. Kilisikika kitambaa kikichanika hadi kwa mwamuzi wa akiba. Hakujali. Mkwe alivuka reli akashuka mbio, wakakutana mbele ya kiti cha kwanza, na hakuna aliyemwambia mwenziwe tafadhali tangulia. Walikumbatiana, wakazungumza sikioni kwa muda, bila mkalimani. Sijui walisema nini. Nililia, na nayaandika haya waziwazi kwa kuwa kipa anasambaza habari kwamba nilimwagikiwa na dawa ya misuli machoni.

Picha iliyopigwa pale imewekwa kwenye korido, pembeni ya ile ya kombe. Safari hii Koni yupo mbele, katikati, mzima, kutoka kofia hadi viatu. Mikono yake ameifumbata nyuma kwa utulivu mkubwa. Wageni watamwona mzee wa heshima. Sisi tunajua alikuwa ameshika nini.

Kuhusu zawadi, kamati ilikwisha agiza saa ya ukutani. Wafanyakazi tukakataa, mtu aliyekaa na filimbi miaka yote hii hahitaji kukumbushwa muda. Tumemwita fundi, amefungua bolti, na leo tunamkabidhi Mzee Koni kiti cha pili, pamoja na ufa wake. Mama ameshaulizwa kitawekwa wapi. Amesema kibarazani, pembeni ya chake, na kwamba cha kwanza kinajulikana ni cha nani.

Umebaki ujumbe mmoja. Jana kocha mkuu alikuja tena chumbani kwangu, akasimama palepale mlangoni, akasema, “Daktari, mwambie baba, msimu ujao kwenye kona ni mtu na mtu.” Niliupeleka mara moja, bila kuulainisha. Koni alikuwa anaokota koni. Akafikiri kidogo, akasema, “Mwambie mkwe, maeneo nayo si mabaya.” Nimekataa kuupeleka huo. Jumapili watakuwa meza moja, waambiane wenyewe.

Mzee Koni, kwa niaba ya wachezaji uliowatukania mababu, makocha uliowabebea mabegi, wapinzani uliowapa mawaidha, na mwenzako wa kiti cha tatu, asante. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi. Ufunguo wa stoo tuachie kwa mlinzi. Ukikaa, kaa kwa raha zako. Na ukiinuka, baba, inuka taratibu.